Friza Haigandishi Barafu: Anza na Dalili, Gesi Iwe ya Mwisho

Ukimwambia mtu yeyote kwamba friza yako imeacha kugandisha, jibu la kwanza utakalopewa ni "gesi imeisha". Jibu hilo limewatia watu wengi hasara bure. Gesi ya friza haiishi kama mafuta yanavyoisha kwenye taa. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa, inazunguka humo humo miaka nenda miaka rudi, na friza nyingi huzeeka na kutupwa zikiwa na gesi ile ile zilizotoka nayo kiwandani. Ikipungua, basi pana tundu. Na kabla ya kulifikia tundu, yapo mambo mengi mepesi unayoweza kuyakagua mwenyewe kwa macho, kwa masikio na kwa kiganja cha mkono.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, kisha nikashuka hadi ile ya nadra. Fuata mpangilio huo, usiruke. Na wakati wote unapochunguza, fungua mlango mara chache kadiri uwezavyo, maana friza iliyojaa hutunza ubaridi wake kwa takriban saa 48 mlango ukibaki umefungwa, na iliyojaa nusu kwa saa 24.

Kwanza pima, ndipo uhukumu

Friza ya nyumbani inatakiwa ikae kwenye −18°C. Maji huanza kuganda kwenye 0, lakini friza iliyopanda hadi −3 au −4 itayagandisha kwa kusuasua: utafungua asubuhi ukute utando juu na maji chini. Chukua kipimajoto, kiweke katikati ya vitu vilivyoganda badala ya kukining'iniza hewani, kiache usiku kucha. Huna kipimajoto? Angalia aiskrimu. Kama zamani ulihangaika kuichota na leo kijiko kinazama chenyewe, ubaridi umepungua kwa nyuzi kadhaa.

Tazama pia nyota zilizochorwa kwenye mlango wa sehemu ya kugandishia. Nyota moja ni −6°C, mbili ni −12°C, tatu ni −18°C, na nne maana yake inafika −18°C na ina nguvu ya kugandisha vitu vibichi kutoka mwanzo. Kisanduku cha nyota moja ndani ya friji ndogo kikichelewesha barafu, hakijaharibika. Ndivyo kilivyotengenezwa.

Ukisoma −18 na bado hupati barafu kutoka kwenye mashine ya barafu iliyomo ndani ya friza, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya mwisho. Ukisoma joto zaidi ya hapo, endelea.

Inaunguruma, baridi ipo, ila maji yanachelewa kuganda

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa.

Anza na themostati, yaani kidhibiti cha ubaridi. Namba 1 hadi 5, au 1 hadi 7, si nyuzi za joto. Ni nguvu ya baridi, na namba kubwa ndiyo baridi kali. Wapo wanaoirudisha kwenye 1 wakiamini wameongeza ubaridi, kisha wanasubiri barafu siku tatu. Iweke katikati au juu yake kidogo, kisha ipe saa 24 kabla ya kusema lolote. Kwenye friza zenye vitufe vya kugusa kuna mtego mwingine: hali ya maonyesho. Taa zinawaka, namba zinaonekana, lakini kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi, haifanyi kazi, kwa sababu hali hiyo iliwekwa ili friza ipendeze dukani bila kupoza. Inaweza kuwashwa kwa bahati mbaya vitufe fulani vikibonyezwa pamoja kwa sekunde kadhaa. Namna ya kuizima imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo.

Pili, shehena. Kwenye kibati kilichobandikwa ndani au nyuma ya friza pameandikwa uwezo wake wa kugandisha kwa saa 24, na kwa friza za nyumbani mara nyingi ni kilo chache tu, hata kama kwa macho sanduku ni kubwa. Ukiingiza nyama mbichi nyingi, sufuria la chakula cha moto na chupa kumi za maji kwa mpigo, hata friza mpya itahema siku nzima. Ingiza kidogo kidogo, vitu vikiwa vimepoa, na kama kuna kitufe cha kugandisha haraka kiwashe saa kadhaa kabla.

Umbo la chombo nalo lina kauli. Trei ya kina kifupi kwenye −18°C huganda kwa saa 3 hadi 4. Chupa ya lita 2 itachukua usiku mzima na zaidi. Kwenye friza isiyo na feni, ubaridi unatoka kwenye kuta na rafu zenyewe, kwa hiyo trei iliyokalia bamba la chuma huganda upesi kuliko ile iliyo juu ya mfuko wa mboga. Mwaga matone machache ya maji juu ya bamba ndipo uweke trei. Itagandia pale, na baridi itapenya moja kwa moja.

Tatu, raba ya mlango. Bana karatasi kati ya raba na fremu, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo hewa inapita. Zunguka mlango mzima, hasa pembe za upande wa bawaba. Raba chafu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Iliyokakamaa au kujikunja inaweza kurudi ikikandwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kisha mlango ukafungwa kwa saa kadhaa. Iliyopasuka ibadilishwe. Dalili ya raba mbovu ni rahisi kuitambua: theluji hujikusanya zaidi karibu na mlango kuliko kwingine.

Nne, vumbi na nafasi. Joto linalotolewa ndani lazima litokee mahali. Mabomba meusi yaliyo nyuma, au yaliyojificha chini karibu na kompresa, ndiyo yanayolitupa nje. Yakivikwa blanketi la vumbi na manyoya, kompresa hufanya kazi saa zote na baridi haifiki. Chomoa plagi, yapige brashi laini, yanyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi, kisha acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma na pembeni. Hili peke yake limefufua friza nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa kifo.

Jambo la kutulia roho: kwenye friza nyingi za sanduku, zile zinazofunguliwa kwa juu, mabomba ya kutupa joto yamefichwa ndani ya kuta. Kwa hiyo ukigusa ubavu ukaukuta wa moto, huo si ugonjwa, ni afya. Ubavu uliopoa huku kompresa ikiunguruma ndio wa kutilia shaka, na tutaurudia.

Tano, barafu nene kwenye kuta. Ikizidi nusu sentimita inageuka koti, inazuia baridi isiyafikie maji yako. Hamisha chakula, chomoa plagi, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, subiri, rudia. Usitumie kisu, bisibisi wala kitu chochote chenye ncha. Nyuma ya barafu ile kuna bomba jembamba la alumini, na kulitoboa ni kazi ya sekunde moja. Nimeona friza nzima za afya zikifa hivyo, na katika makosa yote ya nyumbani hili ndilo linaloniuma zaidi. Usitumie pia kikausha nywele wala hita ya umeme humo ndani: maji, umeme na pengine gesi inayowaka vyote viko mahali pamoja.

Ya mwisho ni mahali friza ilipo. Kwenye kibati kuna herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni kwa chumba cha 10 hadi 32°C, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Friza ya daraja N kwenye chumba chenye joto la 38 haitashinda vita hivyo. Na kinyume chake kinawashangaza watu: friji yenye themostati moja tu, iliyo upande wa friji, ikiwekwa kwenye chumba cha baridi sana, sehemu ya friza huanza kuyeyuka. Themostati inaona upande wake umeshapoa, haiamrishi kompresa, na huku juu barafu inalainika.

Imekufa kabisa: hakuna mngurumo, hakuna taa

Chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyo hiyo, taa au chaja ya simu. Ikikataa, tatizo ni soketi au swichi kuu. Ikiwaka, iondoe friza kwenye waya wa nyongeza uichomeke ukutani moja kwa moja. Kama unatumia kifaa cha kulinda umeme, kumbuka kwamba vingi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite baada ya kukatika, na pia hukata voltiji ikishuka au kupanda kupita kiasi. Kisha angalia fyuzi ya plagi kama inayo, na ukague waya wote kama umeng'atwa na panya au kubanwa na mguu wa friza.

Taa ya ndani inawaka lakini kimya? Geuza themostati hadi mwisho wa baridi kali. Usiposikia hata mlio mdogo wa kubofya, themostati yenyewe inaweza kuwa imekufa. Ila kwa friza za nofrosti, zile zenye feni ndani, subiri kwanza nusu saa. Kila baada ya saa kadhaa za kazi huzima kompresa kwa makusudi ili hita iyeyushe theluji. Wapo waliomwita fundi katikati ya mapumziko hayo.

Onyo. Ikiwa kuichomeka tu kunaangusha swichi kuu, au ukiigusa inakupiga shoti, kazi yako imeishia hapo. Kata umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa plagi, na usiirudishe tena "kujaribu". Nyaya za kompresa au za hita zimegusana na mwili wa friza, na hilo huua.

Inataka kuwaka, inalia "tik", inanyamaza, inarudia

Sauti hii ina mpangilio wake: mngurumo mzito wa sekunde chache, tik, kimya cha dakika mbili tatu, kisha mwanzo tena. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, na kinga ya kuzidiwa inakata umeme ili isiungue.

Mshukiwa wa kwanza ni umeme hafifu. Kompresa huhitaji msukumo mkubwa wakati wa kuanza kuliko inapokuwa imeshashika kasi. Waya mwembamba wa nyongeza, au soketi moja iliyobebeshwa vifaa vitatu, vinatosha kuuiba msukumo huo. Kibati kinataja voltiji inayotakiwa. Umeme ukishuka zaidi ya asilimia 10 chini ya hapo, kompresa hutaabika. Dalili ya nyumbani ni taa kufifia kila friza inapojaribu kuwaka.

Wa pili ni haraka. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, shinikizo la gesi upande mmoja wa kompresa bado ni kubwa na haiwezi kulisukuma. Chomoa, hesabu dakika 5 hadi 10, chomeka tena. Ikiwaka na kuendelea, umemaliza.

Wa tatu ni rilei ya kuwashia, kidude kidogo cha plastiki kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Hiki hufa mara nyingi kuliko kompresa yenyewe, na kukibadilisha ni kazi ndogo. Kama una mazoea na vifaa vya umeme, chomoa plagi, fungua kifuniko cha nyuma, kivute rilei taratibu, kisha kitikise sikioni. Kikilia kama punje ndani ya kibuyu, au kikinuka kuungua, kimevunjika. Nunua cha aina ile ile. Zingatia mambo mawili: kapasita, kifaa kidogo cha kutunza chaji kilicho pembeni yake, inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo usishike ncha zake, na kompresa za inveta, zile zinazobadilisha kasi zenyewe, hazina rilei hii kabisa, zinaendeshwa na kadi ya umeme. Kompresa ya inveta usiiunganishe kamwe moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Ukibadilisha rilei na tik ikaendelea, kompresa imekwama au nyaya zake za ndani zimeungua. Fundi ataupima upinzani wa pini tatu kwa mita, pamoja na kati ya pini na mwili. Kompresa kuwa ya moto kiasi cha kutovumilika mkononi si ushahidi peke yake. Nzima pia huwa ya moto.

Inaunguruma mchana kutwa, lakini ndani ni ubaridi wa mtungi

Sasa ndipo tunapoligusa suala la gesi, na ninaomba usome sehemu hii polepole, kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza pesa zao.

Hakikisha kwanza vumbi, raba, shehena na themostati umeshavimaliza. Kama friza yako ni ya nofrosti, pitia kwanza dalili inayofuata. Bado? Basi iache ifanye kazi kwa saa moja na uguse. Bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa kwenda kwenye mabomba ya nyuma linatakiwa liwe la moto. Mabomba ya nyuma, au ubavu wa friza ya sanduku, yawe na joto. Ndani, theluji nyembamba inatakiwa isambae kwenye bamba lote.

Ukikuta nje pamepoa na ndani theluji imejishika kwenye kipande kimoja tu, mwanzoni mwa bomba, huku sehemu nyingine zote zikiwa kavu, gesi imepungua. Tafuta alama ya mafuta: gesi ikivuja huambatana na mafuta kidogo ya kompresa, na doa lenye utelezi kwenye kiungo huonyesha tundu lilipo. Lakini hali hiyo hiyo inaweza pia kutokana na bomba la kapilari, lile jembamba sana linalopeleka gesi upande wa baridi, kuziba, au kompresa iliyochoka isiyosukuma tena. Kutofautisha hayo matatu kunahitaji geji, yaani kipimo cha shinikizo la gesi, na geji inahitaji mikono ya fundi.

Kuna pia hali ya kuwa nzuri kwa saa kadhaa, kisha joto, kisha ikizimwa kidogo inarudi nzuri. Huo ni unyevu ulioingia ndani ya mabomba. Tone la maji linaganda mlangoni mwa kapilari, linaziba njia, likiyeyuka njia inafunguka. Mara nyingi ni alama ya ukarabati uliofanywa kwa pupa hapo nyuma.

Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibati na aghalabu kwenye kompresa. R12 ni ya friza za zamani. Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoanza kuiondoa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Baadaye ikatawala R134a. Friza nyingi za sasa zinatumia R600a, ambayo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, na hutambulika kwa pembetatu ya njano yenye mchoro wa moto. Inawaka. Kinachotiwa ni makumi ya gramu tu, kwa hiyo kukosea gramu kadhaa kunatosha kuharibu ugandishaji. Zaidi ya hapo, friza ya R600a inapofanya kazi, shinikizo la upande wa baridi huwa chini ya lile la hewa ya nje. Pakiwa na tundu upande huo, haitoi gesi tu, inavuta hewa na unyevu ndani.

Ndiyo maana "kuongeza kidogo" hakufai. Fundi anayeijua kazi yake atatafuta tundu na kuliziba, atabadilisha chujio la kukausha unyevu, atanyonya hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha atatia gesi ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kibati akiipima kwa mizani. Mwulize kabla hajaanza. Akikuambia anajaza kwa kukisia, akaacha chujio la zamani, au anataka kuchomelea bomba la R600a kabla ya kuiondoa gesi yote na kufungua madirisha, msimamishe.

Nawe usikate bomba, usitoboe, usijaribu kuziba. Ukihisi friza ya R600a inavuja, zima moto wowote ulio karibu, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ndani ya chumba hicho, kisha kata umeme kwa swichi kuu iliyo mbali nacho.

Neno moja gumu. Kwenye friza ya sanduku, tundu likiwa kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya povu la ukuta, ukarabati unaodumu ni wa shida sana. Fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajakuchukulia pesa.

Nofrosti: ukuta wa nyuma umejaa theluji, na friji imepata joto

Friza ya nofrosti ina bamba la plastiki kwenye ukuta wa nyuma, na nyuma yake kuna koili ya baridi (bomba lililokunjwakunjwa linalopoza hewa), feni na hita. Feni inasukuma hewa baridi ndani ya friza na kwenda upande wa friji. Hita inayeyusha theluji ya koili mara kwa mara. Bamba hilo likivaa theluji nyeupe, koili nyuma yake imezikwa. Hewa haipiti. Friji hupata joto kwanza, barafu hulainika siku chache baadaye.

Sikiliza feni. Fungua mlango wa friza na ubonyeze kwa kidole swichi inayobonyezwa na mlango. Feni inatakiwa izunguke kompresa ikiwa inafanya kazi. Kimya? Swichi, feni, au barafu imeyashika mapanga yake. Ikikwaruza, mapanga yanagusa barafu.

Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa halihitaji kifaa chochote. Ondoa chakula, chomoa plagi, acha milango wazi saa 24, tandika taulo sakafuni. Washa tena na uhesabu siku. Ikigandisha vizuri kwa wiki moja au mbili kisha ikarudia ugonjwa, gesi na kompresa ni nzima: kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha, yaani hita, kihisi cha joto cha koili, taima au kadi. Kama baada ya kuyeyuka yote haikugandisha hata siku moja, feni ikiwa inazunguka, rudi kwenye dalili iliyotangulia. Tofauti hiyo mwambie fundi kabla hajafika.

Ukikuta bamba la barafu sakafuni mwa friza, au maji chini ya droo, tundu la kutolea maji limeziba. Baada ya kuyeyusha, lisukume kwa maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano kubwa isiyo na ncha hadi yasikike yakidondoka kwenye trei iliyo juu ya kompresa.

Baridi ni −18 sawasawa, ila mashine ya barafu haitoi kitu

Hapa friza haina kosa. Maji ndiyo hayafiki, au mashine imeambiwa isimame.

Tazama mkono wa waya au wa plastiki ulio pembeni ya mashine. Ukiwa juu, mashine imezimwa; pengine mfuko uliuinua. Ushushe. Kisha bomba la maji nyuma ya friza: je, vali imefunguliwa, halijakunjwa? Chujio la maji hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hivi. Lililoziba hutoa vipande vidogo au vyenye shimo katikati kabla halijakata kabisa, kwa hiyo ukiona vipande vinapungua ukubwa, umeshapewa taarifa. Shinikizo dogo la maji ya nyumba huleta dalili hiyo hiyo.

Kama maji yapo, angalia mdomo wa kujazia juu ya mashine. Mara nyingi umeganda. Uyeyushe kwa kitambaa cha moto. Ukiganda tena ndani ya siku chache, vali ya umeme inavujisha tone tone na inahitaji kubadilishwa. Ukishatengeneza, ipe saa 24, na tupa barafu ya awamu mbili tatu za kwanza.

Unapompigia fundi, na chakula kilichomo

Mwambie mambo haya: aina na namba ya friza, gesi iliyoandikwa kwenye kibati, kama kompresa inaunguruma au inalia tik, kama mabomba ya nyuma yana joto, theluji iko wapi, na friza ilihamishwa lini. Hilo la mwisho watu hulisahau. Friza iliyosafirishwa ikiwa imelazwa inatakiwa isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Chakula kikague kimoja kimoja. Chenye chembe za barafu bado, au kilicho baridi kama cha friji, kwenye 4°C au chini yake, unaweza kukigandisha tena, ingawa ladha na ulaini vitapungua. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa juu ya 4°C kwa zaidi ya saa 2, vitupe, hata kama havinuki.